Boksi Ishirini na Tatu

Siku Patroba alipopoteza jicho, muuzaji wa programu za kompyuta alikuwa hata hajamaliza kueleza bei.

Jina lake Trevor. Alivuka kutoka upande wa Kenya saa mbili asubuhi, akafungua kompyuta yake kwenye meza ya depo ya Busia, upande wa Uganda, ambako Apio huuza vifaranga vya siku moja vinavyototoleshwa na mashine zake Tororo. Biashara ilikuwa imekua upesi kuliko alivyotarajia. Mashine moja ya kutotolesha ilizaa sita, na wateja, ambao zamani walikuwa majirani tu, sasa walitoka Masaba, Bulumbi, hata ng'ambo ya mpaka. Daftari lilikuwa limeshindwa. Trevor alikuja na programu mbili, na Apio alikuwa tayari kununua moja.

"Hii inashika shughuli," Trevor alisema. "Mayai yaliyoingia mashineni, yaliyoharibika, vifaranga vitakavyotoka, gari litaondoka lini. Hii nyingine inashika wateja. Nani alipiga simu, ameahidiwa nini, alilalamikia nini mara ya mwisho."

"Hiyo ya wateja," Apio akasema papo hapo. "Hao ndio wananisumbua. Mashine iko na ndugu yangu."

Ndugu yake, Othieno, alikuwa amesimama mlangoni. Ndiyo kwanza afike na lori kutoka Tororo. Aliyasikia maneno hayo, akainamisha kichwa.

Maurine, mwanamke Mkenya aliyevuka kila siku kuja kupokea simu na kuandika oda, alichungulia nje kupitia dirishani.

"Othieno, umeleta boksi ngapi?"

"Ishirini na tatu."

Maurine akaweka kalamu chini. "Mimi nimeahidi arobaini."

Kila boksi hubeba vifaranga mia. Ishirini zilikuwa za Patroba, mfanyabiashara wa upande wa Kenya na mteja mkubwa kuliko wote. Ishirini zilikuwa za kikundi cha wafugaji wa Masaba, ambacho mwenyekiti wake ni Okumu. Wote wawili walikuwa wamekwisha fika uani. Patroba alikuja na pikapu na wapakiaji wawili. Okumu alikuja na wenzake watano juu ya bodaboda.

Apio alitoka kwenda kuwaeleza. Alichelewa. Wapakiaji wa Patroba walikuwa wameshapanda lorini na kuanza kushusha.

"Wacha hiyo," Okumu alisema kwa Kiswahili chake cha kijijini. "Hiyo ni ya Masaba. Sisi nalipigiwa simu."

"Hata mimi nilipigiwa," Patroba akajibu bila kumtazama. "Nyinyi wa Masaba ngojeni wiki ijayo. Nyumba yangu ya kuku iko tayari, na moto umewashwa."

"Na yetu imezimwa?"

Okumu aliishika boksi iliyokuwa mikononi mwa mpakiaji. Huyu akavuta huku, yule akavuta kule, karatasi ikachanika katikati. Vifaranga vilimwagika sarujini, vya manjano, vikilia. Mpakiaji alirudi nyuma ili asianguke, na viatu vyake vikavikanyaga. Mlio wa kupondeka kwavyo ulikuwa mdogo, kama njugu zinazobanjwa.

Okumu alivua helmeti akampiga nayo mdomoni. Mpakiaji alitema damu na jino. Mwenzake aliruka kutoka juu ya lori, akatua mgongoni kwa Okumu, wakaanguka pamoja juu ya vifaranga. Watu wa Masaba waliingia kwa mateke. Mmoja alikuwa na mnyororo wa pikipiki, akauzungusha mara mbili hewani kabla ya kuushusha, na mara ya tatu ukampata mpakiaji huyo wa pili shingoni. Mwanamume huyo alipiga kelele kama mbuzi. Trevor alikuwa ameshajifungia ndani, kompyuta yake kifuani.

"Jamani, tulieni!" Maurine alitoka, mikono juu. "Kosa ni langu! Tulieni tugawane!"

Patroba alimgeukia. Alikuwa mtu mzima wa kifua kipana, anayeheshimika kanisani kwake, na Maurine alikuwa amemhudumia miaka minne.

"Ni wewe uliyeniambia nije," alisema. "Ni wewe."

Alimkamata mkono akausokota nyuma. Maurine alimsihi kwa jina, "Mzee Patroba, mzee wangu." Patroba alimsukuma kwenye mlango wa chuma kwa nguvu zake zote, bila kuuachia mkono ule. Kila mtu uani aliusikia mfupa ukivunjika.

Spana ya magurudumu ilikuwa imeegemezwa kwenye tairi la lori. Apio hakukumbuka baadaye kwamba aliiokota. Alikumbuka uzito wake tu. Pigo la kwanza lilimpata Patroba mgongoni. Alipogeuka kuona ni nani, la pili likampata usoni. Alianguka kwa magoti, mikono usoni, damu ikipita kati ya vidole. Apio akainua tena. Pigo la tatu lilimpata akiwa chini, na la nne pia, mpaka Othieno alipomkumbatia kwa nyuma na kumwinua miguu yake ikaning'inia.

"Dada, utamuua! Dada!"

Apio alimuuma nduguye mkono ili amwachilie. Othieno hakumwachilia.

Polisi walipofika, watu wa Masaba walikuwa wamekwisha kimbia na boksi sita. Zilizobaki zilisahaulika juani, na kufikia saa nane hapakuwa na kilichokuwa kikilia humo.

Apio alilala kituoni siku mbili. Patroba alipelekwa hospitali, jicho la kushoto likatolewa. Kesi ilifunguliwa.

Alipoachiwa kwa dhamana, Apio hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Tororo, kwenye chumba cha mashine, akiwa bado na gauni lenye damu kwenye pindo. Alitaka kujua boksi kumi na saba zilipotelea wapi. Hakuhitaji kuuliza. Ubaoni, kwa chaki, kwa mwandiko wa Othieno, kulikuwa na tarehe ya Jumapili na hesabu ya mayai hai: 2,300. Jumapili ni siku yai linapopimwa kwa mwanga kuonyesha kama kifaranga kiko hai. Vifaranga hutoka Jumatano.

"Ulijua tangu Jumapili," alimwambia Othieno, aliyekuwa kando ya mashine, kwa Kidhopadhola, lugha yao.

"Nilijua. Umeme ulipotea, jenereta ikakataa."

"Siku tatu! Siku tatu ulijua, na hukusema!"

Alimpiga kofi. Kisha la pili, kwa mgongo wa mkono, na pete yake ikampasua mdomo. Othieno, mwanamume wa miaka thelathini na sita mwenye watoto watatu, alisimama akiipokea damu kwa kiganja.

"Ndiyo sababu sikusema," alijibu.

Apio alibaki na mkono wake hewani.

"Mwezi wa tatu nilikuambia boksi tano zimekufa," Othieno aliendelea, taratibu. "Ulinipiga na trei ya mayai mbele ya wafanyakazi. Mwezi wa tano nilikuambia mashine ya nne ina joto. Ulinimwagia chai. Nikasema, nitaandika ubaoni. Kama atakuja, ataona. Hukuja."

Apio aliushusha mkono. Aliketi juu ya kreti, na Othieno hakumsogelea.

Wiki iliyofuata alivuka mpaka kumwona Maurine. Alimkuta kitandani, mkono kwenye plasta mpaka begani, mama yake akimlisha uji. Mama yule alimsalimu Apio kwa sababu ya adabu tu, kisha akatoka.

"Trevor anataka jibu," Apio alisema. "Nilichagua ile ya wateja. Ili usibebe kila kitu kwa kichwa."

Maurine alicheka, na kicheko kikamuumiza. "Madam, wateja ninawajua wote. Najua nani ana mke mgonjwa, nani hapendi kungojeshwa. Nilichokosa ni hesabu moja tu ya Othieno. Ile programu ya wateja ingeandika vizuri kabisa kwamba nimeahidi vifaranga ambavyo vimekufa ndani ya mayai. Nunua ya shughuli."

"Nitainunua. Ukipona, tutaianza pamoja."

"Mimi sirudi."

"Patroba hawezi kukanyaga pale tena."

"Si Patroba peke yake niliyemwona siku ile," Maurine alisema. "Nilikuwa chini karibu yake. Nilikuona ulipompiga akiwa amelala."

Apio aliweka matunda aliyoleta juu ya stuli, akaondoka.

Alinunua ya shughuli. Trevor hakutaka kukaa Busia. Alikwenda Tororo, akamfundisha Othieno siku mbili. Kila trei ilipata namba yake, na hesabu iliyoingizwa kule ilionekana palepale kwenye simu ya Apio. Kwa wiki tatu tarakimu zilikuwa nzuri. Jumapili ya nne, Apio akitoka kanisani, simu ilitetemeka. Mayai mia tatu yamekufa.

Aliendesha gari hadi kwenye mashine. Othieno alipomwona mlangoni aliinua mkono, akaziba uso wake kwa kigasha.

Apio alisimama mbali naye. "Nimeona," alisema. "Umefanya vizuri kuniambia."

Othieno hakuushusha mkono haraka. Apio alitoka nje, akaketi kwenye kizingiti, akampigia Okumu, maana boksi hizo zilikuwa za Masaba. Alimwambia kwamba Jumatano zitapungua tatu. Okumu alimtukana. Alimtukania mama yake, kazi yake na jicho la Patroba, akarudia, na Apio alisikiliza yote bila kukata simu. Mwishowe sauti ile ilichoka.

"Basi hizo nabaki," Okumu aliuliza, "nafika saa ngapi?"

"Saa nne," Apio akajibu.