Wiki Tatu za Milango Iliyofungwa

Tangu afiwe na mkewe, fundi makochi alikuwa na wa kuongea nao wawili tu: mteja, akitokea, na mbwa wake Popo, dume mweusi, mjinga kidogo, mwenye sikio moja lililokataa kusimama. Kisha binti yake, mtoto wake wa pekee, akapata kazi ng'ambo, akamletea mbwa wake, jike wa kahawia aitwaye Shanga. "Miezi sita tu, Baba. Nikirudi namchukua."

Miezi miwili ikapita salama salimini. Mbwa wale walilala chini ya meza ya kukatia vitambaa kama ndugu wa tumbo moja. Ndipo asubuhi moja fundi akaona matone ya damu kwenye kitambaa cha mteja, na Popo akawa haambiliki: hali, halali, pua haibanduki mkiani mwa mwenzake.

Daktari wa mifugo, dada asiyezungusha maneno, alimkagua Shanga, akavua glavu.

"Yuko kwenye joto, mzee, anataka dume. Watenganishe leo leo."

"Si umhasi tu huyu dume, yaishe?"

"Nitamhasi, lakini hakutakuokoa wiki hii. Mbegu hubaki mwilini wiki kadhaa. Na jike siwezi kumfunga kizazi sasa, atavuja damu nyingi. Tusubiri miezi miwili, mitatu. Kwa sasa dawa ni mlango. Wiki tatu. Na damu ikipauka usidanganyike ukadhani yameisha. Hapo ndipo penye hatari yenyewe."

Fundi alimweka Popo karakana, upande wa mbele, Shanga akamweka nyuma, chumba cha binti. Kati yao palikuwa na ujia mwembamba wenye mlango kila upande, na kila mlango akaupigilia komeo jipya. Hakufungua wa pili kabla ya kufunga wa kwanza. Akawa anakula kwa zamu: chai na Popo, chakula cha mchana na Shanga.

"Fundi, leo zamu ya bi mkubwa au bi mdogo?" mama wa dukani, jirani yake, alimtania. Fundi alitabasamu, akachukua sabuni yake, akaondoka. Hakuwa mtu wa soga.

Siku ya kumi na mbili damu ikapauka, kama daktari alivyosema. Ilikuwa Jumapili, mvua inanyesha, karakana haina kazi. Simu ikalia.

"Baba, wameniongezea mkataba. Miaka miwili."

"Hongera, mwanangu."

"Hukasiriki?"

"Nikasirikie riziki yako? Hata kidogo."

"Na Shanga je?"

"Yupo. Anakula kunishinda."

Wakacheka wote wawili. Kisha wakaagana.

Fundi akaenda kusimama ujiani. Huku Popo analia kwa sauti nyembamba kama kitoto, huku Shanga anaparura mbao. Fundi akajikuta ameshika komeo. Si miezi miwili tu na nyumba itajaa? Watoto watakuwa sita, saba. Watakojoa kila kona, watatafuna sponji na kamba, naye atawapigia kelele kutwa. Alitamani mno kuwa na wa kumpigia kelele.

Akalivuta komeo, likafika nusu.

Hapo akamkumbuka marehemu mkewe. Zamani walikuwa na jike aliyepandwa bila wao kujua, akazaa saba. Wakawagawa kwa kila aliyenyoosha mkono. Mwaka haukuisha, mkewe akamkuta mmoja nyuma ya gereji, amefungwa kwa waya, mbavu zinahesabika. Akamfungua, akambeba hadi nyumbani kwenye mtandio wake. Jioni haikumkuta hai. "Tuliwagawa kama mabaki ya vitambaa," mkewe alisema.

Fundi akalirudisha komeo mahali pake. Akavuta stuli iliyokuwa ikingoja sponji, akaketi katikati ya ile milango miwili.

"Hata mimi naelewa," akawaambia.

Haikusaidia kitu. Wao walilia, naye alikaa, mpaka mvua ikakatika.

Wiki tatu zilitimia, naye akaongeza siku nne za wasiwasi wake mwenyewe. Popo akahasiwa kwanza. Zamu ya Shanga ilipofika, miezi mitatu baadaye, daktari alimsukumia fundi fomu.

"Hapa namba yako. Hapa namba ya mtu mwingine, tukikukosa wewe."

Akaandika ya binti yake.

"Hii ya nje, mzee. Nataka mtu wa karibu. Ndugu, jirani, yeyote."

Fundi akaiweka kalamu chini. Kaka yake alikwishatangulia mbele ya haki. Rafiki yake alihamia kwa wanawe.

"Nitakuletea," akasema, akatoka.

Mama wa dukani alikuwa anapanga viberiti.

"Jirani, nipe namba yako ya simu."

"Makubwa! Ya nini tena?"

"Ya mbwa. Hospitali wanataka mtu wa karibu."

Kicheko kilimfia mdomoni. Miaka kumi na moja alikuwa akimuuzia sabuni mtu huyu. Akachana kipande cha boksi, akaandika namba kwa tarakimu kubwa kubwa, lakini hakukiachia.

"Na yako nipe. Mimi pia naishi peke yangu, fundi."

Alasiri, baada ya upasuaji, Shanga alizinduka, akajaribu kusimama, akayumba kama mlevi. Fundi alimbeba mpaka nyumbani, taratibu, maana kidonda kilikuwa kibichi. Popo aliinusa bandeji, akapiga chafya, akarudi kulala chini ya meza.

Jioni hiyo simu haikulia, wala kesho yake. Siku ya tatu ikalia. Alikuwa mama wa dukani, anamjulia hali mgonjwa.