Kisanduku cha Zoezi

Kazi yangu ni itifaki: napanga nani akae wapi, nani aingie kwanza, bendera ipi iwe kulia. Usinicheke. Mkutano wetu na majirani ulipofunguliwa, waheshimiwa hawakugusa jambo jingine. Mkataba wa kushirikiana dhidi ya magaidi wanaosambaza vijidudu vya magonjwa ulikuwa mezani, umeshakubaliwa wote, umebaki kutiwa saini tu. Sasa nani atangulie kutia? Hapo ndipo waliponasa.

Mimi nilikuwa na langu moyoni. Mdogo wangu, karani wa forodha kule mpakani, alikuwa amefungua kifurushi kisicho na jina la mtumaji, ungaunga ukammwagikia mikononi. Wakamfungia chumba cha peke yake, mabosi wake wakawa wanampungia mkono dirishani. Sampuli ya ule unga ilishafungwa vizuri kwenye kisanduku, inasubiri kupimwa. Maabara yenyewe iko ng'ambo, kwa majirani, na bila ile saini haivuki.

Na waheshimiwa hao hao walikuwa na zoezi alasiri hiyo. Wangeigiza shambulio, kisha kisanduku chenye unga wa ngano kikimbizwe kwa king'ora kutoka mpakani hadi maabara hiyo hiyo. Yaani ngano ilikuwa na kibali! Nikamwomba mwenyekiti wetu kisanduku cha kweli kipande gari hilo hilo. Akaniambia nisimharibie zoezi.

Damu ikanichemka. Nikampigia simu dereva, mtu tuliyezoeana, nikamsihi aiache ngano, achukue kile cha kweli na kukibandika lebo ya zoezi. Kikavuka kama bwana harusi. Walinzi wa pande zote mbili wakakipigia saluti.

Hata chai haijapoa, mwenyekiti akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba maabara imeshapima na unga ni salama. Makofi yakarindima. Nikatoka mbio hadi koridoni, nikampigia mdogo wangu, nikamwambia yuko salama. Akalia, nami nikalia, hatukuelewana tena kwa kwikwi.

Niliporudi ukumbini, mwenyekiti bado alikuwa anahutubia, yuko kwenye "ushirikiano wetu usioyumba". Ndipo nikakumbuka. Hotuba ile niliiandika mimi, jana yake, pamoja na hayo majibu. Zoezi lilipangwa liishe salama, basi likaisha salama. Hakuna aliyefungua kisanduku.

Nikamnyang'anya kipaza sauti.

"Waheshimiwa, kilichovuka si ngano. Ni sampuli ya kweli. Naomba ipimwe."

Wakatoka wote kwa mlango mmoja, wakikanyagana, na hakuna aliyeuliza nani atangulie. Huko nje kwenye maegesho, viongozi wa pande mbili wakaafikiana kwa mara ya kwanza, tena bila ubishi: kisanduku kirudishwe kilikotoka, upesi. Amri hiyo wakaitia saini juu ya boneti ya gari. Sikuona hata nani alianza.

Nilikuwa bado nimesimama kwenye ule ukumbi mtupu simu yangu ilipoita. Mdogo wangu alikuwa dirishani kwake, akinieleza anayoyaona. King'ora kilikuwa kimerudi, na watu waliojifunika mwili mzima walikuwa wanakishusha kisanduku garini polepole, kwa mikono iliyonyooshwa mbali na vifua vyao.

"Dada," akasema, "si uliniambia niko salama?"