Kisahani cha Chumvi

Mzee Kuzuya alikuwa amebakiza wiki tatu astaafu, na alitaka jambo moja tu: achome kipande cha kauri ambacho angeweza kusoma gazeti kupitia ndani yake. Si kioo. Kauri, ndugu ya bakuli na vigae, ila iliyotakata kiasi cha kupitisha mwanga wa leza bila kuuzuia. Miaka kumi na moja alikuwa akilisha moto tanuru la kiwanda kimoja cha kauri mjini Seto, na kila kipande kilitoka safi zaidi kidogo kuliko kaka yake.

Kabla ya kila moto aliweka kisahani chenye kilima cha chumvi mlangoni mwa tanuru ili kuutakasa moto, kama alivyofanya baba yake aliyechoma vyungu. Bi Momose, mkuu wa maabara, hakubishana na desturi. Alichora tu mstari wa njano kwenye kizingiti cha chumba cha poda ya kauri: chumvi isivuke hapa. Punje ikiingia kwenye poda, moto unaigeuza mvuke, mvuke unaacha vitundu, na vitundu ndivyo vinavyotia kauri ukungu.

Wataru, fundi kijana mwenye ulimi usiojua likizo, alimtania mzee kila siku.

"Mzee, hilo tanuru kwa chumvi hiyo litapata presha."

"Presha nitapata mimi, kwa mdomo wako."

Asubuhi ya kugandamiza poda ya kipande cha mwisho, Wataru aliwahi kufika. Akavuka mstari na kisahani cha chumvi alichojaza mwenyewe, akakiweka juu ya rafu na kikaratasi: *Mungu wa poda naye ana njaa.* Mzee alipokiona hakucheka. Alikibeba kwa mikono miwili, akakitoa nje, akapangusa rafu mara tatu. Chini ya rafu kulikuwa na chekeche la poda. Hakuna aliyelipangusa. Wataru aliliona, akajiambia punje mbili tatu haziui mtu.

Tanuru lilipofunguliwa, kipande kilikuwa cheupe kama maji ya mchele. Bi Momose alikipima, akarudi na karatasi mkononi.

"Ni chumvi," alisema, na watu wote sita wakamtazama mtu mmoja.

Mzee Kuzuya aliinama hadi kichwa kikawa usawa wa kiuno. "Chumvi ni yangu. Nisameheni."

Wataru alifungua mdomo. Siku hiyo, kati ya siku zote, ulimi ukachukua likizo. Kesho nitasema, alijiambia. Kesho zikawa kumi na tano, kisha yakaja maua ya kuaga na hotuba, na mzee akaondoka na kipande chake cheupe kwenye mfuko wa soko.

Mwezi wa kumi kiwanda kilipata kipande safi, kwa ratiba ileile ya moto aliyoiandika mzee. Wataru aliomba akipeleke mwenyewe. Ndani ya treni alitunga utani wa kufungulia maungamo, akaurudia vituo vinne.

Mzee alimkaribisha jikoni, akatandika gazeti mezani, akaweka kipande juu yake. Alisoma bei ya mayai, kisha hali ya hewa, polepole, hadi mwisho wa safu.

"Kizuri," alisema, akamrudishia. "Nani alichoma?"

"Mimi. Mzee, ile chumvi…"

"Najua. Ule mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino ningekosa kuutambua vipi?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Alifunua pipa la figili iliyolowekwa kwa chumvi. "Nilikungoja mpaka siku ya maua. Nilidhani utasema kwenye hotuba, maana wewe kwa hotuba hujambo."

Juu ya figili, badala ya jiwe la kuigandamizia, kilikuwa kimelala kile kipande cheupe. Mzee alikiondoa, akatoa figili moja, akaikata vipande vinne, akamsogezea sahani na chai.

Wataru alitafuta ule utani wa kwenye treni. Haukuwapo. Akala figili. Ilikuwa imekolea chumvi, na aliimaliza yote.