Uchungu wa Kooni

Suud aliuza manukato Kariakoo, na pua yake ndiyo iliyokuwa mtaji. Mzio ulipoiziba akawa hanusi kitu, daktari wa Upanga alimpa dawa ya kupuliza puani. Aliyesikiliza maelezo ni mkewe, Zeina. Suud alikuwa anaongea na simu.

"Baba Shahd, penga kwanza," Zeina alimwambia nyumbani. "Halafu inamisha kichwa kidogo, elekeza dawa upande wa sikio, uvute taratibu. Na ni kila siku, hata ukiona nafuu. Inachukua wiki kadhaa."

"Mimi nifundishwe kuvuta hewa? Pua hii ndiyo inayokulisha."

Basi mjuaji akafanya ajuavyo. Alitupa kichwa nyuma, akapuliza, akavuta kwa nguvu zote mpaka dawa ikateremkia kooni. Uchungu wake ukamfurahisha, maana mama yake alimlea akiamini kwamba dawa isiyo chungu si dawa. Na siku pua ikifunguka kidogo, chupa ilibaki kabatini.

Binti yao Shahd alikuwa anaolewa, na alimwomba baba yake kitu kimoja tu: udi wa bibi. Marehemu, mama yake Suud, hakumfundisha mwingine jinsi ya kuupika ila yeye, naye alifundishwa kwa kunusa. Sukari huepuliwa pale inapoanza kunukia, ndipo vipande vya udi hutiwa. Suud akainamia sufuria, akasubiri inukie. Zeina alitoka chumbani anakohoa.

"Umeungua, Baba Shahd."

"Ndiyo rangi yake," akasema, akaujaza kwenye kopo.

Asubuhi ya harusi, wanawake walikuwa wanamfukizia Shahd nguo. Suud akaingia, akainama juu ya chetezo, akafumba macho.

"Huu ndio udi wa mama," akawaambia mashangazi. "Kariakoo nzima hamuupati."

Shahd aliitazama hina mikononi mwake.

"Ndiyo, Baba," akasema.

Ndipo Suud alipoliona boksi kando ya chetezo. Ulikuwa udi wa dukani kwa Ghassan, jirani ambaye Suud alimcheka miaka yote kwa kuuza manukato ya kiwandani. Kopo la Suud lilikuwa mlangoni, nyuma ya viatu.

Alikwenda chumbani akafunga mlango. Akapenga, akainamisha kichwa, akapuliza, akavuta taratibu. Safari hii kooni hakusikia uchungu wowote.