Diski Iliyokaa kwa Wifi

Mpimaji alibonyeza kitufe, na papo hapo roho ikamruka. Alitaka kufuta picha za zamani. Kumbe alikuwa ndani ya folda ya nyufa. Vipimo vya miaka miwili vya nyufa za ghorofa analoishi wifi yake vilipotea hivyo hivyo, na mchana huo mhandisi wa halmashauri alikuwa anakuja kuvitazama, aamue kama wapangaji wahamishwe. Mwenye nyumba aliapa kwamba zile ni nyufa za plasta tu, na wapangaji, wifi akiwemo, walimwamini.

Kompyuta ya mpimaji, ya Linux, ilikuwa na diski mbili za nje, kila moja kioo cha mwenzake. Moja ikifa, nyingine inabaki na kila kitu. Ila ukifuta huku, na kule kumefutika.

Ilibaki ya tatu. Hiyo hukaa kwa wifi, kabatini chini ya mashuka. Kila wiki wifi huileta, ikachomekwa, ikanakili mapya, akarudi nayo. Vipimo vyote vya nyuma vilikuwa humo, salama.

Akampigia simu. "Wifi, niletee ile diski. Sasa hivi!"

"Kulikoni? Kompyuta imeshikwa na homa?"

"We njoo tu!"

Akashuka getini kumngojea. Akiwa pale pale akakumbuka: hakumwambia asiichomeke. Diski ile ikigusa waya tu, kompyuta ingeipokea na kuifananisha na zile mbili, pengo na yote. Amri hiyo aliiandika yeye mwenyewe, akajisifia wiki nzima. Na ni yeye aliyemfunza wifi, tena kwa ukali: ukifika chomeka kwanza, salamu baadaye.

Akapanda ngazi mbili mbili, pumzi juu juu.

Wifi alikuwa amepitia mlango wa nyuma. Alikuwa amejiachia kitini, anajipepea na gazeti, na taa ya diski ya tatu inawaka na kuzima. Mpimaji akaurukia waya, akauchomoa. Akaiunganisha diski na kompyuta nyingine, akaifungua kwa kuisoma tu, bila kuibadili. Folda ya nyufa haikuwemo.

"Mbona unanitisha?" wifi aliuliza. "Si nimefanya ulivyonifundisha?"

Mpimaji alitazama saa. Mhandisi angekuja, angeondoka mikono mitupu, na watu wangelala mle ghorofani tena.

"Wanao wako wapi?" aliuliza.

"Nyumbani, wanacheza. Halafu mwambie huyo mumeo aje na randa. Mlango wa jikoni kwangu tangu asubuhi umekataa kufunga."

Si mlango uliokataa; ni ghorofa lililosogea. Mpimaji alimshika mkono, akamvuta mlangoni bila hata kuvaa viatu.