Uhuru wa Nguruwe wa Shemasi Strout

Hepziba Crowell alikuwa akifagia nyumba ya mikutano huku wanaume wa Wexcombe, mji wa koloni la Amerika, wakimvua Mfalme wa Uingereza nguo kwa maneno. Kazi hiyo ya ufagio walimpa alipofiwa na mumewe. Bila ufagio asingekanyaga mle siku ya mkutano wa mji, maana mwanamke hana ruhusa ya kusema wala kunyoosha mkono kupiga kura.

Aliyesimama ni Shemasi Elnathan Strout, mwenye shamba kubwa kuliko wote.

"Mfalme anatutoza kodi bila kutuuliza!" alinguruma. "Sheria isiyomgusa kila mtu si sheria, ni kamba ya utumwa!"

"Kweli kabisa!" wenzake wakaitikia.

Hepziba akasukuma vumbi. Nguruwe wa mtetezi huyu wa uhuru alizurura bila pete puani ya kumzuia kuchimba, kinyume cha amri ya mji, na vuli iliyopita alifukua shamba lote la mahindi la Hepziba. Alipokwenda kulalamika, Shemasi alimjibu kwamba nguruwe naye ni kiumbe huru. Hepziba aliyajua Maandiko: wale pepo wa Wagerasi walioomba kuwaingia nguruwe wangemwona huyu, wangeomba wabaki walipokuwa. Lakini hakucheka. Mahindi yakiliwa tena, angekuwa mzigo wa mji, na mzigo wa mji hunadiwa: anayekubali malipo madogo kuliko wote ndiye humchukua akamlishe. Bibi Tabitha alinadiwa hivyo, sasa analishwa maganda.

"Haya, msimamizi wa nguruwe," akasema mwenyekiti, Kapteni Reuben Hatch, na watu wakaanza kuchekacheka. Kazi ya kukamata nguruwe wazururaji na kuwatia pete, desturi humtupia bwana harusi mpya kuliko wote. Raha ni kumwona mtu aliyetoka kwenye joto la mkewe akigaagaa matopeni.

"Jabez Nye!" Shemasi akawahi. "Kaoa Novemba, bado ananukia sabuni!"

"Aa, Shemasi, mimi nimeshachoka."

"Umechoshwa na nini, we?"

Kicheko kikatikisa madirisha. Jabez alikuwa kibarua wa Shemasi; angethubutu vipi kumgusa nguruwe wa tajiri wake? Hepziba akauegemeza ufagio ukutani.

"Samahani, Kapteni. Nilitaka kumpongeza Shemasi kwa ndoa yake ya mwezi uliopita. Sikuwahi kupata nafasi."

Shemasi alikuwa na miaka sitini na huyo alikuwa mke wake wa tatu. Harusi waliila wote, ila hakuna aliyewaza kwamba desturi inaweza kupanda hadi benchi la mbele wanakokaa wakubwa.

"Mwanamke hasemi humu!" Shemasi akafoka.

"Kwani kasema nini? Kakupongeza," Kapteni akajibu, akiuma mdomo. "Waungwana, Novemba na Februari, ipi mpya?"

"Mimi ni shemasi! Hayo ni mambo ya vijana!"

"Bwana harusi ni bwana harusi," mtu akadakia nyuma. "Au mke umemwoa akufulie tu, mzee?"

"Sijaulizwa! Sijakubali!"

"Mwaka jana ulimnyooshea mkono mwanangu," akasema Obed mhunzi. "Yeye nani alimuuliza?"

Mikono ikapanda. Jabez alinyoosha yote miwili.

Shemasi angeweza kukataa akalipa faini, lakini ubahili wake ulikuwa mkubwa kuliko haya yake. Jumatatu akaja na kamba kumkamata nguruwe wake mwenyewe. Nguruwe akamburuta mtaroni mara mbili, mji mzima ukitazama juu ya ukuta wa mawe, mpaka Hepziba alipokunja mikono ya gauni akashuka mwenyewe kubana miguu ya nyuma.

"Pua, Shemasi. Iko upande wa pili."

"Naijua pua, mama!"

"Basi itie pete."

Nguruwe alipiga kelele hadi mbwa wakanyamaza. Pete ikaingia. Hepziba akanawa, akamshukuru Mungu kwa sauti ili Shemasi asikie, na Mei ilipofika akapanda mahindi mpaka ukingoni mwa uzio.