Kilichokuwa Chini ya Hina

Munjia, mke wangu, alifariki mwezi wa pili, siku ya Jumanne, akiwa anakunja shuka. Daktari alisema ni damu iliyoganda mguuni ikapanda juu. Tumemaliza arubaini wiki iliyopita. Wageni wamekwenda na nyumba imebaki na viti vingi mno. Ninaandika haya kwa sababu kuna maneno yake yaliyokatwa, na wa kwanza kuyakata ni mimi.

Hapa Ksar Hellal, mji wetu wa Tunisia, karibu kila nyumba ina mtu anayefanya kazi ya jinzi. Mmoja anakata, mwingine anashona, mwingine anafua. Munjia alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia kwa zaidi ya miaka ishirini. Kazi yake ilikuwa kupulizia dawa kwenye mapaja na magoti ya suruali mpya ili zionekane zimevaliwa. Dawa yenyewe ikiwa kwenye ndoo ni ya zambarau, lakini ikigusa ngozi inageuka kahawia, na haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Glavu walizopewa zilichanika ndani ya wiki. Za kubadilisha zilipatikana kwa kusimama mlangoni kwa meneja mpaka akuchoke.

Mwanzoni hakujali. Kisha kwenye harusi ya mpwa wangu, dada yangu Wasila akamshika mkono mbele ya wageni.

"Wifi, umemenya makomamanga ya mji mzima, au kwenu maji yamekatwa?"

Watu wakacheka. Munjia naye akacheka, akaurudisha mkono chini ya shali, na siku hiyo hakula tena.

Jumapili iliyofuata akaja na bakuli la hina.

"Wa kushoto nitajipaka. Wa kulia utanipaka wewe."

"Mimi?"

"Kwani nina mume mwingine?"

Tangu siku hiyo ikawa kila Jumapili ya tatu, baada ya chakula cha mchana. Hata ule wa kushoto ulikuja kuwa wangu. Aliweka mikono yote miwili mapajani mwangu, juu ya kitambaa cha zamani, nami nikapaka kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye kifundo, bila kuacha upenyo. Doa la dawa lilipotea chini ya hina kana kwamba halikuwahi kuwapo. Jirani yetu Dalila alipita uani akatukuta, akasema, "Beshir, saluni unafungua lini? Mie niwekee nafasi." Nilikuwa mhudumu wa hoteli, nimezoea kutaniwa. Nilipenda zile Jumapili kuliko nilivyomwambia.

Kiingereza changu nilikipata hotelini, kule pwani ya Skanes, kwa watalii. Ndiyo sababu binamu yangu alimleta kwangu mwandishi aliyeitwa Russell. Aliandikia gazeti la udaku la London, lile ambalo wageni huliacha kwenye viti vya bwawa, lenye wachezaji mpira na wake zao. Jinzi zilizofuliwa kwetu ziliuzwa huko zikiwa na lebo ya kijani iliyosema zimetengenezwa kwa maji na mwanga tu, bila dawa yoyote. Mwenye kampuni iliyoziuza alikuwa amepewa tuzo kwa hilo. Russell alinionyesha picha yake amekumbatia mti.

Nataka niseme kwamba Russell hakuwa mtu mbaya. Alikula briki ya Munjia, ile sambusa yetu ya yai, kiini kikamchuruzikia kwenye shati, akacheka kabla yetu. Alipoelezwa habari za Zakia, rafiki wa Munjia anayekohoa mpaka anashika ukuta, aliweka kalamu chini. Halafu akaiona mikono.

"Mungu wangu," alisema. "Mwombe nimpige picha. Mikono tu, si uso."

Munjia akakubali, akaiweka mezani. Kisha akanigeukia.

"Mwambie ni hina. Dawa iko chini yake, lakini hii anayoiona ni hina."

Russell alikuwa ameshapiga magoti na kamera yake. Nilimwambia kwa Kiingereza: "Anasema fanya haraka, anaona haya."

Munjia akatabasamu, akidhani nimesema aliyosema.

Sababu nilizijua wakati uleule. Doa lilikuwapo kweli. Habari za wifi na makomamanga zingechukua muda, na mgeni alikuwa na ndege ya kuwahi. Na nilitaka kiwanda kile kiaibike. Kwa miaka mingi nimezirudia sababu hizo na sijapata iliyo mbaya. Lakini maneno yalikuwa yake, nami niliyameza.

Gazeti lilitoka na kurasa mbili. Mikono ya mke wangu ilijaza ukurasa mmoja mzima, na juu yake: MIKONO ILIYOOZA ILI WEWE UPENDEZE. Ndani ya wiki mbili kiwanda kilileta makasha ya glavu nene, feni za kutolea hewa, na barakoa za kweli. Zakia alihamishiwa kwenye kushona lebo. Munjia alileta glavu nyumbani kunionyesha, akazivaa, akageuza mikono huku na huku kama aliyepewa bangili.

Picha aliiona siku chache baadaye, kwenye simu ya Zakia. Alirudi akaketi jikoni kumenya njegere.

"Beshir. Pale juu wameandika nini?"

Nikamwambia.

"Imeoza?" Akaitazama mikono yake. "Ulimwambia ni hina?"

"Sikumwambia."

Akaendelea kumenya. Bakuli lilikuwa karibu kujaa ndipo akasema, "Haya. Dada yako kaniita mchafu, wewe umeniita nimeoza. Katika ukoo wenu nani atanipa jina zuri?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Akanisogezea nusu ya njegere nimsaidie, nasi tukamaliza.

Mwezi haukuisha. Huko London mtu mmoja ofisini kwa kampuni ile ya jinzi aliitazama picha akaitambua hina. Meneja wetu, Bwana Ridha, akamwita Munjia, akampa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bi Munjia, hatukulazimishi kusema uongo hata kidogo. Ni hina au si hina?"

"Ni hina."

"Basi sema hivyohivyo mbele ya kamera, mama. Mgeni wa kampuni anakuja Alhamisi."

Jioni tulikaa uani. Nilimwambia akatae, aseme anaumwa.

"Nikikataa, nimeukubali uongo wako," alisema. "Nikisema ni hina nikanyamaza, nimeubeba uongo wao, na glavu zitaondoka. Nitasema yote."

"Hawatayataka yote."

"Sasa nifanyeje, Beshir? Mdomo ninao mmoja."

Alhamisi hiyo mkalimani nilikuwa mimi tena. Bwana Ridha hakutaka kumlipa mwingine. Mgeni alikuwa mwanamke mpole mwenye viatu vya turubai. Munjia alivaa shali yake ya buluu, akaiweka mikono mbele yake, akasema, nami nikatafsiri neno kwa neno:

"Ni hina. Anipakaye ni mume wangu, huyu hapa. Napaka kwa sababu chini yake kuna doa la dawa yenu, na nilimwonea haya wifi yangu. Gazeti limekosea rangi, halikukosea dawa. Na hizi glavu mlizoleta, msiziondoe."

Mgeni alifuta macho. Alisema ni maneno yenye nguvu sana. Bwana Ridha alitazama dirishani.

Filamu waliyoitoa ilikuwa ya sekunde chache. Munjia anasema, "Ni hina. Anipakaye ni mume wangu, huyu hapa." Anatabasamu kidogo, kwa sababu aliponitaja alinitazama. Kisha yanatokea maandishi: mila ya mapenzi iliyochafuliwa na gazeti chafu. Watu wengi mno waliitazama. Gazeti likaomba radhi kwenye ukurasa wa mbio za farasi, likiandika kwamba mama mwenyewe amethibitisha ni hina.

Russell alinipigia simu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilimwambia alikuwa na ndege ya kuwahi.

"Chumba kile cha dawa kiwandani kilikuwa na wanawake wengine," alisema, bila kupandisha sauti. "Ningepiga mikono ya yeyote kati yao."

Ndivyo ilivyokuwa. Mikono ya Zakia haikuwahi kuguswa na hina. Alikuwa anakaa mtaa wa pili. Niliitaka ile iliyokuwa mezani kwangu kwa sababu ilikuwa nyeusi zaidi. Naye Russell hakuniuliza zaidi kuhusu rangi ile kwa sababu hiyohiyo, nadhani, ingawa hilo nililifikiri baadaye na sikumwambia.

Glavu zilidumu mpaka makasha yalipoisha. Zakia akarudishwa kwenye ndoo. Pale kazini wenzake walimsimanga Munjia akiingia asubuhi: "Bibi harusi huyo kaja! Mpisheni, hina isikwaruzike." Waliwahi kuiona filamu, na hiyo filamu ndiyo ilikuwa yote wanayoyajua. Aliwaeleza mmoja mmoja, wakati wa chakula. Zakia alimwamini siku hiyohiyo. Wengine iliwachukua miezi, na wawili hawakumwamini kabisa.

Jumapili ya tatu ilipofika nilikoroga hina, kwa mazoea. Akaitazama.

"Leo hapana."

Lakini akaketi palepale, akaiweka mikono mapajani mwangu juu ya kile kitambaa. Nikaishika hivyohivyo mpaka adhana ya alasiri. Wiki baada ya wiki rangi ilipungua, kwanza mgongoni mwa mkono, kisha viganjani, na mwisho kwenye kucha, nayo dawa ikajitokeza chini yake, madoadoa, mbaya zaidi kati ya kidole gumba na cha shahada, pale glavu zilipochanikia. Sikuwahi kuyaona yote kwa pamoja. Ni mimi niliyekuwa nayafunika.

Alikwenda kwa Wasila siku ya Idi akiwa hivyo, mikono wazi. Dada yangu akaitazama, watu wote wakiwa wameketi.

"Tazama vizuri, wifi," Munjia alisema. "Si komamanga."

Kusema haki, Wasila alichukua kipande kizuri cha nyama kutoka upande wake wa sinia akakiweka upande wa Munjia, na baadaye nilimkuta jikoni anasugua sufuria iliyokwisha takata.

Munjia aliendelea miaka minne mingine, kisha magoti yakakataa kusimama. Tukawa wawili nyumbani, tukigombea redio.

Wiki ya tatu ya msiba simu iliita, naye alikuwa Russell. Sijui nani alimwambia. Alitoa pole kwa sauti iliyokatika, akakumbuka briki na lile shati lake. Nilishukuru kwamba kuna mtu mbali anayemkumbuka. Kisha akauliza hali ya hewa ya huku, na mimi, kwa kuwa nimehudumia Waingereza miaka mingi, nikajua kuna jambo.

"Beshir, samahani kuuliza. Mapafu yake yalikuwaje? Kampuni inapewa tuzo nyingine. Kama ni mapafu, safari hii watalazimika kusikiliza."

Nilimfikiria Zakia, ambaye sasa anatembea na kile kifaa cha kuvutia pumzi mfukoni. Niliifikiria ndoo. Ni neno moja tu, na nani angenipinga? Mwenyewe yuko kaburini.

"Ilikuwa damu iliyoganda," nilisema. "Kabla ya hapo mapafu yalikuwa mazima."

"Una hakika?"

"Cheti ninacho. Naweza kukusomea."

Alishusha pumzi. Nikamwambia Zakia yupo hai na anasema mwenyewe, mikono yake haina hina, na atafute mwanamke wa kumtafsiria, si mimi. Akasema sawa, ataandika jina. Kisha akauliza, taratibu, kama ni kweli Munjia alisema mengine siku ile mbele ya kamera.

"Alisema," nilijibu.

"Unayakumbuka?"

Nikaanza tangu mwanzo. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi. Sijui kama yatachapishwa, wala sikumwuliza. Nilipofika kwenye glavu akasema ngoja, nirudie, ameachwa nyuma. Nikarudia.